Aliyekigusa Mwisho

Fundi Abdulrazak alikuwa amechuchumaa juu ya pampu iliyokufa, grisi imempanda mpaka viwikoni, pale mtu asiyemjua aliposimama mlangoni mwa karakana yake na kuuliza, "Samahani, wewe ndiye mume wa Mwajabu?"

Miaka ishirini na miwili mjini Bagamoyo yeye alikuwa Fundi Razaki. Pampu ikikohoa, ikitema mchanga, ikikataa kuvuta, watu walimtaja yeye kabla hawajamaliza kulalamika. Mwajabu ndiye aliyekuwa mke wa Fundi Razaki, tena wengine hata jina lake hawakulijua. Leo mambo yamegeuka miguu juu, na mtu anaulizwa hivyo ndani ya karakana yake, chini ya kibao chenye jina lake.

"Ndiye," alijibu.

"Mpe bahasha hii. Mwambie watu wa mashamba ya chumvi tutakuja wanne, kwenye mkutano wa Jumanne." Mgeni akaondoka. Pampu iliyofumuliwa hapo chini hakuitupia hata jicho.

Abdulrazak aliifuta bahasha alama ya kidole cha grisi. Haikufutika, na moyoni akafurahi kidogo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Pwani ile, miaka hii ya karibuni, ilijaa vidude. Wataalamu walioviita vihisi walikuja, wakafunga, wakaondoka. Baharini vidude vya kupima joto la maji, kwenye mashamba ya chumvi vidude vya kupima ukali wa maji, kijijini Makurunge wakulima wamezikiwa vyao ardhini kupima unyevu, na visimani vimening'inizwa vingine vya kupima maji yamepanda au yameshuka. Kila kimoja kilituma namba zake kwenye simu za wakubwa wake. Lakini siku namba zote zilipokusanywa mahali pamoja, zikawa kama wageni wa harusi mbili waliokalishwa jamvi moja, hakuna anayemjua mwenzake. Ndipo chuo kimoja cha Dar es Salaam kikamtuma kijana wake, Farhan, aje atengeneze maelezo ya pamoja ya vidude vyote, ili namba ya kisimani na namba ya shambani ziweze kukaa zikazungumza. Wenyeji wakayaita maelezo hayo Kitabu, ingawa yalikuwa ndani ya kompyuta.

Mkutano wa kwanza, wataalamu walibishana asubuhi nzima juu ya kina. Mwajabu alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwa kuwa jumuiya ya maji ya mtaa ilimtuma. Miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa akiteremsha kamba yenye mafundo kisimani kila Jumatatu na kuandika daftarini. Akanyoosha mkono. "Wanangu, mniwie radhi. Kina kutoka wapi? Mimi nahesabu kutoka mdomo wa kisima. Huyu wa baharini anahesabu kutoka usoni mwa maji. Wa shambani, kutoka juu ya udongo. Na kaka yangu wa chumvi, nimemsikia, anahesabu kutoka chini kwenda juu. Sasa mnagombania nini?"

Ukumbi ulinyamaza, kisha watu wakacheka na kupiga makofi. Mzee mmoja akasema mcheza kwao hutuzwa. Tangu siku hiyo Kitabu hakikuandikwa bila Mwajabu. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania kwamba kila kidude kiandikiwe kinatazama kitu gani, kinapima nini cha kitu hicho, kimekaa wapi, kinaanza kuhesabu kutoka wapi, na nani amekigusa mwisho, siku gani.

Na aliyevifunga vidude vya visimani vyote kumi na vinne vya mtaa na jirani zake, kwa mikono yake, alikuwa nani? Fundi Abdulrazak. Jina lake halikuitwa mkutanoni hata mara moja.

*

Farhan alikuja nyumbani kwao Jumatano, kompyuta kwapani, akamwamkia kila mtu aliyemkuta. "Shikamoo, Bi Somoe. Shikamoo, Fundi." Bi Somoe, mama yake Abdulrazak, alimwitikia marahaba huku akichambua mchele barazani. Alikuwa mpishi wa shughuli, mtu wa masufuria makubwa. Jumapili ilikuwa harusi ya Lulu, binti wa jirani yao Mina, na Bagamoyo nzima ilikuwa mbioni kuozesha kabla Shaabani haijaisha.

Mwajabu na Farhan walikaa mkekani. Abdulrazak naye akavuta kigoda akakaa, bila kualikwa, lakini nyumba si yake? Alisikiliza weee, kisha akaona mwanya.

"Mimi naona," alisema, "cha kwanza kuandikwa ni kampuni iliyotengeneza kidude na namba yake ya kiwandani. Fundi ukishajua hiyo, umejua yote."

"Ahsante, Fundi," Farhan alisema kwa adabu. "Hiyo tunayo, iko sehemu ya kifaa. Hapa tunazungumzia kile kinachotazamwa. Bi Mwajabu, endelea. Ulikuwa unasema kisima si maji yake."

"Ndiyo. Kisima ni kitu kimoja na maji ni kitu kingine. Maji yanapanda na kushuka, kisima kipo pale pale. Kidude kinatazama maji, lakini kimening'inia kwenye kisima. Lazima vyote viwili viandikwe." Kisha, bila hata kugeuka, akaongeza, "Baba Mikdad, tusaidie maji ya kunywa hapo, mgeni ana kiu."

Basi Fundi Abdulrazak akainuka, akaenda mtungini, akamletea kijana glasi ya maji juu ya kisahani. Mwanamume wa miaka hamsini na mmoja. Bi Somoe alimtazama mwanawe akipita, akauma mdomo asicheke.

Farhan alipoondoka, Abdulrazak alizunguka ua mara mbili kabla hajasema.

"Huyo kijana ana mke?"

"Anaye, na watoto wawili. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Naona anavyokukodolea ukisema kina, kina."

Mwajabu alicheka mpaka akashika kiuno. "Anakodolea daftari, Baba Mikdad! Mimi nina miaka arobaini na saba, magoti yananiuma. Nani atanikodolea?"

"Wanawake wenye daftari siku hizi ndio wanaotakiwa."

"Wewe nawe," alisema Mwajabu, na kicheko kikaisha. "Una lako jambo. Likiiva utaniambia."

Hakumwambia. Na tuseme kweli, hata yeye hakuyaamini hayo ya Farhan. Ingekuwa afadhali. Wivu wa mapenzi unaeleweka, watu wameuimbia taarabu, mtu akiwa nao anaonewa hata huruma. Lakini utamwendea nani umwambie unamwonea wivu mkeo kwa sababu anajua kuuliza swali? Ulikuwa wivu wa aibu, wa kula peke yako. Kila alipomsikia akitaja Makurunge na Vigwaza, mahali alikokuwa akipelekwa na gari la mradi kukagua vidude, Abdulrazak aliinuka akaenda karakana bila kuaga.

*

Ijumaa asubuhi Mwajabu aliondoka na gari hilo. Abdulrazak alichukua ufunguo wa mfuniko akaenda kisima cha mtaa, ati kusafisha.

Kidude kile kilining'inia kwa waya kutoka chuma cha mdomoni, kimezama majini, na kazi yake ilikuwa kuhesabu maji yaliyo juu yake ni kiasi gani. Kanuni ya jumuiya ilikuwa nyepesi, na ndiyo iliyokuwa ikiwalinda: maji juu ya kidude yakipungua chini ya mita mbili, pampu izimwe siku tatu. Maji matamu ya pwani yamekalia maji ya chumvi. Ukiyanyonya mno, ya chini yanapanda.

Abdulrazak alilegeza skrubu, akateremsha waya dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akakaza tena. Basi. Kidude kikiwa chini zaidi, kitaona maji mengi zaidi juu yake. Jumanne, mbele ya watu wa chumvi na wakulima na wavuvi, Mwajabu atateremsha kamba yake kama mfano, na kamba itasema hivi na kidude kitasema vile. Watu watajua ni kipi cha kuaminiwa, kamba ya mama mwenye magoti mabovu au chombo kilichofungwa na fundi. Siku ya pili atakirudisha. Nani ataumia? Alinawa mikono, adhana ya Ijumaa ikalia, akaenda msikitini akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Alilisahau jambo moja. Hakuwaza harusi.

Jumamosi alipita kisimani saa tano, akakuta pampu inanguruma tangu alfajiri. Bwanausi, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa amekaa kivulini na simu yake. "Mambo ni mazuri, Fundi! Mita mbili na robo. Kwa Mina wamejaza mapipa manane, na bado."

Mbili na robo. Toa dhiraa. Abdulrazak hakuhitaji karatasi. Pampu ile ilipaswa iwe imelala tangu jana jioni.

"Ipumzishe kidogo," alisema.

"Kwa nini? Kuna hitilafu?"

Hapo ndipo alipopaswa kufungua kinywa. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Lakini kukirudisha kidude mbele ya Bwanausi ni kueleza kwa nini kilishushwa. "Hapana," alisema. "Injini tu, isichemke." Bwanausi akaizima robo saa, akaiwasha tena.

*

Jumapili Bi Somoe alikuwa amefunga. Ramadhani iliyopita aliugua siku tatu, na siku zile alikuwa akizilipa Shaabani hii, ya tatu ndiyo hiyo. Wenzake walimwambia aahirishe, shughuli haiendi akikosekana mwonjaji. Akawacheka. Miaka arobaini anapika, chumvi aliipima kwa konzi ya mkono, na konzi ilikuwa yake. "Mkono wangu ndio ulimi wangu," alisema. Katika shughuli mpishi mkuu akishatia chumvi, hakuna anayethubutu kuonja nyuma yake, ni kumvunjia heshima. Akatia konzi zake kama siku zote, kwa sufuria tatu za kilo hamsini hamsini, na maji yakachotwa kwenye mapipa yaliyojazwa mwisho.

Sinia za kwanza zilipelekwa kwa wanaume saa saba na nusu. Abdulrazak alikuwa miongoni mwao, mkono ameshaosha. Alitia tonge mdomoni. Aliyeketi mbele yake, mjomba wa bwana harusi, mtu wa heshima kutoka Tanga, alitafuna mara moja akaacha kutafuna. Chakula cha watu hakitiwi ila. Mikono ilipunguza kasi, kisha ikakaa pembeni. Mmoja aliomba maji. Alipoyanywa akayatema.

Kutoka uani ikasikika sauti ya Mina, akilia kwa hasira. "Umenivunjia harusi, Bi Somoe! Mwanangu mmoja tu! Pilau haliliki, ungesema umezeeka nikatafuta mwingine!"

Abdulrazak alifika mlango wa ua akamwona mama yake amesimama katikati ya masufuria, mwiko mkononi, analamba kiganja kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alikuwa ameivunja saumu yake mbele ya watu ili ajue kosa lake. Alionja tena.

"Konzi ni ileile," alisema, akimtafuta mtu wa kumsadiki. "Wallahi, konzi ni ileile."

Mwanawe alikuwa hatua nne tu kutoka hapo. Alirudi nyuma akatoka nje.

*

Jumatatu asubuhi mtaa mzima ulikuwa kisimani. Maji yalikuwa yameonjwa na kila mtu sasa, na hapakuwa na ubishi tena. Yameingia chumvi. Farhan aliitwa, akaja na macho mekundu. Bi Somoe alikuja bila kuitwa, akasimama peke yake. Wapishi wenzake walisimama mbali naye kidogo.

Bwanausi aliinua simu yake juu. "Mimi sina kosa. Haikushuka chini ya mita mbili hata dakika moja. Hii hapa. Nimefuata namba."

"Namba za Kitabu!" akasema Mina. "Za Mwajabu na wasomi wake. Zamani alikuwa akipima kwa kamba, na maji yalikuwa matamu."

Mwajabu alisogea mdomoni mwa kisima. Aliteremsha kamba, akahesabu mafundo kwa sauti, akaipandisha, akairudia. Kisha akatazama simu ya Bwanausi, akalinganisha na urefu wa waya ulioandikwa Kitabuni. "Haviafikiani. Vimepishana dhiraa."

"Basi," Bwanausi alisema, "ama kamba imevutika, ama uliyoyaandika kitabuni si kweli. Maana chombo hakisemi uongo."

"Hiki hatukukikagua," Farhan alisema polepole.

"Hakikukaguliwa," Mwajabu alijibu, na akainamisha macho.

Minong'ono ikaanza. Kumbe! Anakwenda Vigwaza kukagua vya watu, cha mlangoni kwake hakukitazama. Mwanamke akipewa gari ndiyo hayo. Mtu akasema jumuiya imtume mwingine, na wengi wakaitikia. Abdulrazak alisikia kila neno. Alichokuwa amekitamani wiki nzima kilikuwa kimekuja, tena kabla ya Jumanne: kamba imedharauliwa, chombo kimeaminiwa, na mkewe amesimama katikati ya watu hana la kusema. Alingoja kuona raha. Haikuja.

"Tusibishane," Bwanausi alisema. "Fundi yupo. Fundi Razaki, wewe ndiye mtaalamu wetu. Tuambie mbele ya wote, kidude chako ni kizima au si kizima?"

Watu wakamgeukia wote, wakanyamaza kumsikiliza. Ilikuwa miezi mingi tangu anyamaziwe hivyo. Neno moja tu, kizima, na angekuwa amesema kweli tupu.

"Sema, mwanangu," mama yake alisema. "Wanasema mkono wangu umezeeka."

"Ni kizima," Abdulrazak alisema. Mwajabu akafumba macho. "Kidude ni kizima. Nilikishusha mimi."

"Ulikishusha? Kwa matengenezo?" Bwanausi aliuliza, akimtafutia mlango wa kutokea.

"Si kwa matengenezo. Nilitaka kamba yake ionekane haifai. Mbele ya wageni." Akaitazama kamba. "Niliona wivu."

Mina alipiga mikono pamoja. "Kwa mkeo mwenyewe? Ya Rabi! Harusi ya mwanangu imeingiaje katika kijiba chako cha roho?" Wengine walicheka, na kicheko kile kilimkata kuliko matusi. Bi Somoe aligeuka akaanza kwenda nyumbani, na wapishi wawili wakamkimbilia wakamshika mikono, kila mmoja upande wake.

Mwajabu alifungua daftari juu ya goti.

"Ulikishusha kiasi gani?"

"Dhiraa."

"Ya mkono wako?"

"Wangu."

"Siku gani, saa ngapi?"

"Ijumaa. Kabla ya adhana ya adhuhuri."

Aliandika yote, taratibu, na jina la mumewe juu, kwa herufi zake nzuri za shule. Farhan akayaingiza kwenye kompyuta. Kesho yake watu wa Makurunge na wa chumvi wangeyasoma.

*

Nyumbani, mchana huo, Bi Somoe alijifungia chumbani. Chakula hakikupikwa. Kisima kilifungwa mpaka mvua za masika, na Bwanausi akampokonya Abdulrazak ufunguo wa mfuniko bila kumtazama usoni.

Mwajabu alikuwa amekaa ukumbini, amenyoosha miguu, anajisugua magoti. Abdulrazak alikaa sakafuni mbali kidogo.

"Nisamehe."

"Kwa mama umeomba?"

"Hajafungua mlango."

"Mngoje." Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Nilikukosea nini, Baba Mikdad?"

"Hukunikosea. Ulikuwa unasikilizwa, basi. Mimi nilifunga vile vidude vyote kumi na vinne, na hakuna siku niliyosikia umenitaja. Hata mara moja."

Mwajabu alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma namba asiyoiamini.

"Vyote kumi na vinne," alisema. "Kumi na vitatu tulivikagua mimi na Farhan, kamba kwa kidude. Kimoja kimoja, jua la utosini. Alitaka tukikague na hiki. Alikuwa ameshashuka garini." Akasimama kwa kushika ukuta, magoti yakalia. "Nikamwambia apande, tusijisumbue. Nikamwambia hiki cha mtaani kwetu mume wangu ndiye aliyekifunga na ndiye anayekilinda."

Alichukua ndoo mbili nyuma ya mlango. Maji sasa yalikuwa mtaa wa tatu, na foleni ilikuwa imeshaanza. Abdulrazak aliruka kusimama, akanyoosha mkono apokee moja.

Mwajabu alizibeba zote mbili.